Kisigino Mchangani

Siku mliponiaga kazini mlinipa kiti cha kuegemea, kile kirefu chenye sehemu ya kunyooshea miguu. Nawashukuru, ingawa mtu aliyeishi kwa kuwaambia wengine wainuke hawezi kukalia kiti cha namna hiyo bila kuona haya. Nimekiweka sebuleni hapa Nanyala, paka amekichukua, na mimi nawaandikia nikiwa kwenye stuli ya jikoni. Mliniomba niandike lolote litakalowasaidia. Vyeo na mshahara havitawasaidia, na vya kwangu havikuwa vya kusimulia. Nitaandika juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu hakuna kiungo kilichonisumbua akili kama hicho, na juu ya mwanamke mmoja ambaye kifundo chake ndicho kilichokuwa kinaamua atazeekea wapi.

Nilifika Tunduma nikiwa msichana mwenye cheti kipya na viatu visivyofaa vumbi. Malori yalikuwa yamepangana barabarani yakisubiri kuvuka kuingia Zambia, kama yanavyopangana mpaka leo. Chumba cha mazoezi cha hospitali yetu kilikuwa na kitanda kimoja na kioo kilichopasuka. Nje ya mlango wa nyuma kulikuwa na kitu nilichodhani ni mahali pa kuanikia mahindi: fremu ndefu ya mbao iliyolazwa chini na kujazwa mchanga wa mtoni, laini, uliochekechwa. Aliyeitengeneza ni Mzee Mwampashi, mtaalamu wa viungo niliyepangwa chini yake. Alikuwa mfupi, mkimya, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili aliopewa.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwanamume aliyepooza upande mmoja baada ya kupigwa na kiharusi. Mzee Mwampashi aliunyunyizia mchanga maji kidogo, akausawazisha kwa ubao, akamwomba yule mgonjwa apite juu yake peku mpaka mwisho. Mimi nilimtazama mgonjwa. Mzee aliutazama mchanga.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Mguu wa kulia unaburura, Mzee."

"Hilo hata muuza chipsi wa getini analiona. Nakuuliza kwa nini."

"Kwa sababu umepooza."

"Kupooza ni jina la ugonjwa," akasema. "Kifundo hakijui jina lake. Nenda katazame tena."

Nikainama kwenye mchanga. Mguu mzima ulikuwa umeacha alama ya kisigino, ya duara na ya kina, kisha ukingo wa nje wa wayo, kisha vidole vilivyosukuma mchanga nyuma. Mguu mgonjwa haukuwa na kisigino kabisa. Ulikuwa na alama ya sehemu ya mbele tu, na kabla yake mfereji mwembamba uliochorwa na vidole vilivyoshindwa kuinuka. Tangu siku ile sikuacha kutazama chini watu wanapotembea, na nimeambiwa kwamba sokoni nilionekana mtu mwenye majivuno, nisiyesalimia.

Miezi iliyofuata Mzee alinifundisha jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine yote. Mguu unapopita hewani kwenda mbele, kifundo kinatakiwa kikunjike ili vidole visiguse ardhi. Kinaweza kushindwa kwa kuwa msuli wa mbele, ule wa kando ya muundi, mfupa wa mbele ya mguu, unaoinua wayo, ni dhaifu: ubongo umeumia, na amri haifiki, au inafika kwa kunong'ona. Kinaweza kushindwa hata kama msuli wa mbele una nguvu, kwa kuwa shavu la mguu lililoko nyuma limekuwa kali. Likivutwa ghafla linakaza kujibu, na kutembea kumejaa kuvutwa ghafla. Wapo wagonjwa ambao misuli ya mbele na ya nyuma inakaza kwa wakati mmoja, inagombana, na kifundo kinabaki hapo hapo. Na wapo ambao shavu halina ugomvi na mtu, ila limefupika. Msuli na kano ya kisigino vimekaa mahali pamoja muda mrefu mpaka vimekuwa vifupi na vigumu, na vinabaki hivyo hata mgonjwa akiwa usingizini. Wote hawa ukiwapitisha barabarani wanaburura vidole sawasawa. Wengine wana sababu mbili au tatu kwa pamoja, na hapo ndipo unapojua kwamba umeajiriwa.

Mikono yake ilikuwa na utaratibu usiobadilika. Alikunja kifundo cha mgonjwa polepole sana, akasikiliza kinakoishia. Kisha alikikunja haraka. Kisha alirudia goti likiwa limekunjwa, na tena likiwa limenyooka, kwa sababu msuli mkubwa wa shavu unapita nyuma ya goti na goti likikunjwa unapata nafasi. Kama kifundo kinakwama hata goti likiwa limekunjwa, basi na msuli wa ndani umefupika. Mwisho alimwomba mgonjwa ainue mguu mwenyewe, huku kidole gumba chake kikiwa juu ya muundi kusubiri msuli uamke. Hakuwahi kuruka hata hatua moja, siku ya foleni wala siku ya njaa. Niliwahi kumwuliza kama hachoki. Akasema anachoka, ila mgonjwa amechoka zaidi.

Mtu wa kwanza kunipa furaha alikuwa mbeba mizigo wa mpakani. Kwake shavu la mguu lilikuwa laini, kifundo kilikunjika chote ukikikunja wewe, lakini msuli wa mbele ulikuwa hauna nguvu. Nikakata tyubu kuukuu ya pikipiki, nikaifunga kutoka mbele ya kiatu mpaka chini ya goti ili imwinulie vidole, na asubuhi ile ile akatoka nje bila kujikwaa. Nilitaka kumfungia tyubu kila mwenye kiharusi wa Momba nzima. Mzee Mwampashi aliniona jinsi nilivyofurahi, akaufungia mkasi kabatini mpaka nilipotulia.

Alistaafu, na baada ya miaka kadhaa tukamzika kwao. Aliniachia fremu ya mchanga. Mbao niliwahi kuzibadilisha, mchanga nilikuwa nauongeza kila kiangazi, na kila mkuu mpya aliyefika aliniuliza kwa nini tusipafanye pale mahali pa kuegesha pikipiki. Nilikuwa nawajibu kwamba nitalifikiria. Nililifikiria mpaka nikastaafu.

Sasa nije kwa Mama Wiston. Nimempa jina ambalo si lake.

Aliletwa wakati wa mvua, miaka michache kabla sijaondoka kazini, kutoka Isansa. Alikuwa mjane, amepooza upande wa kushoto tangu majira ya baridi yaliyopita. Waliomleta ni wawili: mwanawe Wiston, anayeuza vipuri Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye Wiston alimwita Shangazi na sisi sote tukafuata. Nilimwamkia mama. Aliitikia, kisha akasema, "Nisamehe mwanangu, nakusalimia nimesimama." Kwao mwanamke anayemheshimu mtu humsalimia amechuchumaa. Alikuwa amejaribu mlangoni, nikaona kisigino chake cha kushoto kikibaki juu, mwili ukataka kuanguka nyuma, na mwanawe akamdaka.

Wiston alizungumza kwanza. Alisema mama yake ameanguka jikoni karibu na mafiga na kuungua mkono, kwa sababu vidole vilikwama kwenye kizingiti. Kabla ya hapo alianguka kisimani, na kabla ya hapo uani. "Mimi, daktari, sina ubaya," alisema. "Kule anakaa mwenyewe, Shangazi anakujaga asubuhi na jioni tu. Siku moja watanipigia simu nikakute majivu. Tukimaliza kuvuna kahawa, bamayo namhamishia kwangu." Bamayo ni mama kwa Kibemba, na vijana wetu wanaofanya biashara ng'ambo wanalitumia bila kujua kama wamelibeba.

Nilimgeukia mama. Watu waliopooza huzungumziwa juu ya vichwa vyao kama watoto, na mimi sikuwahi kulizoea jambo hilo.

"Wewe mama unasemaje?"

"Sikatai kwenda kwa mwanangu kusalimia," akasema. Maneno yake yalitoka polepole, lakini yalikuwa mazima. "Nakataa kwenda kufia Nakonde. Baba yake nimemzika pale juu ya shamba la kahawa. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilikuwa napanda kumfagilia. Tangu niugue sijafika hata mara moja. Nikihamia ng'ambo nitakuwa nimemwacha."

Wiston alitazama mikono yake. Kisha akasema neno ambalo lilitupa kazi sote, "Akipanda mpaka kwa baba na kushuka bila kuanguka, bila kushikwa, mimi sina neno. Atabaki kwake."

Nilimpitisha mchangani. Mfereji wa vidole ulikuwa mrefu, na kisigino hakikuwepo kabisa. Na njia ya kwenda kaburini, waliniambia, inapanda. Njia ya kupanda inataka kifundo kikunjike kuliko ya tambarare, kwa hiyo alikuwa ameomba kile hasa ambacho mguu wake ulikuwa umekikataa.

Kabla sijaanza kumpima, Shangazi alisimama. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti, mama wa kwaya. "Ngoja kwanza nikuonyeshe, daktari. Mguu huu umeshafufuka. Hawa wanaosema umekufa hawauoni asubuhi." Akaushika wayo wa wifi yake na kuusukuma juu kwa nguvu, ghafla. Mguu ukaanza kucheza mkononi mwake, juu chini, juu chini, bila kukoma. Shangazi akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na mama yule kitandani akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, tabasamu la kwanza nililoliona kwake.

Niliwaacha wamalize. Kisha nikauliza wamekuwa wakifanya hivyo tangu lini.

"Tangu alipotoka hospitali. Tunamkanda na maji ya moto, halafu tunauamsha. Unachezaga kila siku. Wamama wa kwaya wanakuja tunaimba, maana Mungu ameanza kazi."

Ninyi mnajua ule si mguu unaoamka. Ule ni msuli wa shavu unaojibu kuvutwa ghafla, na unajibu tena na tena kwa sababu sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiutuliza imeumia. Mguu wa kila mwenye kiharusi na shavu kali unaweza kuchezeshwa hivyo, na kucheza huko hakumsogezi mbele hata kidogo. Lakini jiwekeni mahali pa Shangazi. Mtu wako amelala kama gogo upande mmoja, unaushika mguu wake, mguu unacheza. Wewe usingeimba? Mimi ningeimba.

Nikampima kama nilivyofundishwa. Polepole, kifundo kilipanda kidogo kisha kikasimama kabla hakijafika mahali ambapo mtu anaweza kusimama wayo wote ukiwa chini. Hakikuwa na ugomvi pale, kilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Haraka, kikacheza. Goti likiwa limekunjwa kilipata nafasi kidogo sana, kikasimama tena. Nikamwomba ainue wayo, hapakuwa na kitu, na Wiston akatikisa kichwa. Ndipo nikaweka mkono juu ya goti lake nikamwambia alinyanyue goti lenyewe juu, anisukume kwa nguvu zake zote. Alisukuma mpaka akatoa jasho. Na mbele ya kifundo, chini ya ngozi, kano ya msuli wa mbele ikainuka.

Nilimwambia arudie. Ikainuka tena. Nikamwita Wiston, nikakiweka kidole chake pale.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamekosea. Mguu haukuwa umekufa kama Wiston alivyodhani, wala haukuwa umefufuka kama Shangazi alivyoimba. Msuli wa mbele ulikuwa hai, dhaifu, ukiamka pale goti linaponyanyuka, yaani wakati ule ule anaouhitaji akitembea. Lakini kila ulipojaribu kuinua wayo ulikutana na shavu lililofupika. Ningemfunga tyubu siku ile, tyubu ingevuta vidole, shavu lingekataa, na kisigino kingeelea ndani ya kiatu. Urefu wa shavu ulitakiwa utangulie.

Kilichobaki kilikuwa kujua shavu lilifupikia wapi. Nikauliza analalaje. Shangazi akanieleza kwa fahari jinsi walivyomtunza. Isansa mwezi wa sita baridi inauma, kwa hiyo walimfunika mablanketi mazito na kuyachomeka chini ya godoro miguuni, yakaze, upepo usiingie. Mchana walimkalisha mkekani miguu imenyooka, apokee wageni waliokuja kumpa pole. Miezi ile ya kwanza hawakumruhusu asimame hata kwenda chooni, walimbeba. Usiku kucha mablanketi yalivikandamiza vidole vyake kuelekea chini, mchana kutwa miguu ilikuwa imelala, na kuvuta kule kwa kuchezesha kulikuwa kwa kitambo kifupi tu, haraka haraka, kisha wakaridhika kwamba kazi ya siku imefanyika. Walimfupisha kwa kumpenda. Nilitafuta wa kumkasirikia pale chumbani nikamkosa, na hilo liliniumiza zaidi.

Kumwambia Shangazi ndiko kulikuwa kugumu. Nilimwomba aushike mguu tena, safari hii polepole kama anayemvua soksi mtoto aliyelala. Mguu ulinyamaza. "Endelea kuushikilia hapo ulipokwama," nikamwambia. "Unasikia ukuta?" Akasikia. Nikamwambia huo ukuta ndio ugonjwa wenyewe, na kucheza ni shavu linalojitetea. Akaulaza ule wayo taratibu kitandani.

"Kwa hiyo tulikuwa tunauimbia ugonjwa," akasema.

"Mlikuwa mnamwimbia yeye, Shangazi. Nyimbo hazikumdhuru."

Mama Wiston akanyoosha mkono wake mzima akamshika wifi yake bega. Shangazi alilia, naye hakuwa mtu wa kulia mbele za watu.

Tulimfunga plasta ngumu, kama ya mtu aliyevunjika mguu, kifundo kikiwa kimekunjwa kufikia pale kilipokubali bila kulazimishwa, tukaifungua baada ya wiki, tukafunga nyingine yenye mkunjo zaidi kidogo. Msifanye jambo hili kwa haraka, na msimfunge mtu asiyehisi vizuri kisha mkamwacha aende mbali. Upande uliopooza unaweza kuchubuka na kuoza bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana alikaa Nakonde kwa mwanawe wakati wote wa plasta, na Wiston alimleta kwa bajaji kila nilipomtaka nitazame vidole. Maofisa wa mpakani walimzoea. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa utani kama plasta haihitaji pasi ya kusafiria.

Siku zile zilimwonyesha mama maisha aliyokuwa anaandaliwa. Wiston alimtunza vizuri, hilo nalisema wazi. Alimpikia yeye mwenyewe, akampa kitanda akalala chini. Lakini chumba kilikuwa cha kupanga, dirisha linatazama ukuta, na malori yalinguruma nje mchana na usiku. "Huku hata kuku hana pa kuchakura," aliniambia, akiangalia kama mwanawe hasikii. Wakati akisubiri, Wiston alikuwa anakaa kwenye ukingo wa fremu ya mchanga, akitazama wagonjwa wengine wakipita. Aliniuliza ile mifereji ni nini, nikamweleza. Baada ya muda alikuwa ananiambia mwenyewe, "Huyu leo kisigino kimegusa," na alikuwa hakosei.

Plasta ya mwisho ilipotoka tukahamia ukutani na kwenye ubao wa mteremko, asimame wayo wote ukiwa chini, uzito wake wenyewe uvute shavu. Nikafanya kazi ya kumnyanyulisha goti ili ule msuli wa mbele uamke, tena na tena, kwa kila namna niliyoijua. Na Shangazi nilimrudishia nyimbo zake. Nilimwambia mama akirudi Isansa kwaya iendelee kuja asubuhi na jioni, ila mguu usicheze. Wamkunje kifundo polepole, wakishikilie kikiwa kimetulia, na wasikiachie mpaka wimbo uishe na beti zake zote. Nilikuwa sijawahi kupata kipimo cha muda kizuri kama kile. Saa ya ukutani mtu huidanganya, lakini hakuna mwanakwaya wa Isansa anayekata wimbo katikati. Mablanketi yaliachwa huru miguuni, na kasha tupu la soda likawekwa mwisho wa kitanda kuyanyanyua.

Siku kisigino chake kilipogusa mchanga, alama yake ilikuwa hafifu, nusu duara tu. Mama alitaka kujua tunatazama nini. Wiston alipiga magoti akaitazama. Hakukubali nisawazishe mchanga mpaka alipoondoka.

Msidhani mguu ulipona. Mkono wake haukurudi kamwe. Shavu lilibaki kali, akienda haraka lilianza kutetemeka, kwa hiyo ilibidi ajifunze kusimama, kulisubiri litulie, kisha kuendelea. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na urefu, nikamfunga tyubu ya pikipiki, na safari hii iliinua wayo wote, na kisigino kikakaa mahali pake. Akarudi Isansa kahawa ikiwa imeanza kuiva.

Mavuno yalipokwisha Shangazi alinipigia simu. "Wiston anakuja Jumamosi na gari. Amesema neno lake ni neno lake, ila godoro anasema atapakia kabisa ili asirudi mara mbili." Sikupaswa kwenda, haikuwa siku ya kazi wala eneo langu. Nilipanda basi, kisha bodaboda.

Nilikuta gari aina ya Noah uani, godoro limeshafungwa juu kwa kamba. Wiston alinisalimia kwa heshima na hakunitazama usoni. Mama yake alitoka ndani na fimbo, kitambaa cha kanisani kichwani, ufagio mdogo kwapani. "Nakwenda kwa baba yako," alisema. "Mnisubiri."

Njia ilianza nyuma ya jiko ikapanda katikati ya mistari ya kahawa. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi jekundu, laini kama unga. Alipanda. Shangazi alitaka kumfuata, nikaikamata kanga yake kwa nyuma nikaishikilia. Katikati ya njia tulimwona amesimama. Mguu ulikuwa unatetemeka, tuliuona mpaka pale uani. Wiston alipiga hatua mbele kisha akajizuia, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya mwaka ule. Mama aliegemea fimbo, akangoja. Mguu ulitulia. Akaendelea mpaka miti ikamficha, na tukabaki tukisikia ufagio.

Aliposhuka alipita katikati yetu, akakaa kwenye benchi la ukutani, akavua kitambaa akajifuta uso.

Wiston hakumwendea. Alikwenda kwenye njia, akaipanda polepole, kichwa chini, kando ya alama za mama yake ili asizikanyage. Tulimwona akiinama hapa, akiinama pale. Alikaa huko juu kitambo. Aliporudi alifungua kamba, akalishusha godoro peke yake, akaliingiza ndani, tukamsikia akilitandika. Alipotoka alikuja kusimama karibu yangu.

"Pale kwenye jiwe ameburura kidogo," alisema.

"Nimeona."

"Kesho nitaling'oa."

Mkiwa na mgonjwa mbele yenu, msiandike kwamba mguu unaburura mkaishia hapo. Shikeni kifundo, polepole kisha haraka, goti limekunjwa kisha limenyooka, na msubiri kwa kidole gumba kama kuna msuli unaoamka. Ulizeni analalaje na nani anamfunika. Ulizeni anataka kufika wapi. Mchanga nimeuongeza kabla sijaondoka, unatosha mpaka kiangazi kijacho.

Mama Wiston aliishi kwake, akapanda kila Jumapili, mpaka kiharusi cha pili kilipomchukua katika baridi ya mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikwenda kuzika. Wanaume walibeba jeneza kupita nyuma ya jiko na kuingia kwenye kahawa, na mahali lilipokuwa jiwe palikuwa na shimo dogo lililojaa majani makavu. Shangazi alikuwa mbele yangu, hakuwa anaimba. Tulipofika juu alinishika mkono.

"Huku alikuwa anapandaga mwenyewe," alisema. "Leo tu ndiyo tumembeba."